Jumamosi za Jenereta

Enzi zetu sisi, Jumamosi haikuanza na jogoo. Ilianza na jenereta. Kwanza ulimsikia Baba akikohoa kule uani, kisha mlango wa nyuma wa gari la zahanati ukilia kwa bawaba zake, kisha kamba ikavutwa mara moja, mara mbili, na nyumba zote za wafanyakazi wa misheni zikajua kwamba ni saa mbili kamili. Hata aliyekuwa amelala fofofo alijua ruhusa imeisha. Ninyi wa rika langu mliolelewa upande wa Kitale mtanielewa. Asubuhi za kule zina ukungu na baridi ya kuuma masikio, na sauti ya injini ikipita ndani ya ukungu ule inafika mbali sana.

Baba yangu, Mzee Wanyonyi, alikuwa dereva na makanika wa gari hilo. Lilikuwa lori fupi lililojengewa chumba nyuma, chenye kitanda kimoja cha mgonjwa, kabati la dawa na friji ya chanjo. Kila wiki mbili lilishuka na muuguzi kwenda kule bondeni kusikokuwa na stima, na friji ile ilitegemea jenereta ndogo ya petroli iliyofungwa kwa bolti ubavuni mwa chumba. Lori lenyewe lilikuwa limezeeka kabla mimi sijazaliwa. Baba alikaa nalo miaka ishirini na mitatu, na siku aliyostaafu alilikabidhi likitembea.

Watu walidhani siri yake ni uhodari wa kushika spana. Wapi! Siri yake ilikuwa kurudiarudia. Jumatatu aliangalia upepo wa magurudumu na maji ya rejeta. Jumatano alitandika gunia chini ya lori, akalala chali, akaikaza kila nati iliyofikiria kulegea. Oili aliibadilisha kabla haijawa nyeusi. Na Jumamosi ilikuwa ya jenereta, kwa muda wa saa moja na nusu, iwe kuna safari au hakuna. "Mashine haichoki kwa kazi," alikuwa akisema, "inachoka kwa kungoja." Tulilisikia neno hilo mpaka tukawa tunalimalizia kabla yake, naye anatutupia lile jicho la wazazi wa zamani, ambalo siku hizi mtoto angelipigia polisi simu.

Sasa, jenereta haitaki kuwashwa tu ikanguruma bure. Inataka kubebeshwa mzigo, ivutwe umeme wa kweli, ipate joto lake. Friji peke yake ilikuwa kama kumtuma dume la ng'ombe akabebe kikapu cha mayai. Nyumba zetu hazikuwa na stima, kwa hiyo Baba akaomba misheni pasi mbili za umeme na jiko la koili, akavuta waya mpaka uani, akatoa meza yetu ya kulia, akatangaza kwamba mwenye nguo za kupiga pasi na aje. Jamani, walikuja! Akina mama waliokuwa wamezoea pasi ya makaa, ile inayokudondoshea cheche kwenye blauzi nyeupe, walifika na mabeseni ya yunifomu zilizotiwa wanga zikawa ngumu kama mbao. Wanaume walileta suti zao za pekee. Katekista alileta kanzu yake akiwa ameikumbatia kama mtoto mchanga.

Sisi watoto tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira unaorushiwa, nyuma ya lori kwa mpira wa makaratasi ya nailoni, na kila mara mmoja alikwenda kuchungulia kama mandazi ya kwenye koili yameiva. Mpaka leo, nikisikia harufu ya petroli ikichanganyika na ya nguo mbichi inayopigwa pasi, mate yananijaa mdomoni. Nilimweleza daktari mmoja kazini jambo hili akaandika kitu kwenye karatasi zake.

Kazi yangu mimi ilikuwa daftari. Jenereta ile ilikuwa na kidirisha chenye namba zinazohesabu saa ilizofanya kazi tangu izaliwe. Baba alikuwa na mwandiko wa kuku, kwa hiyo tangu darasa la tatu alinipa mimi niandike. Lilikuwa daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada. Ninaandika tarehe, saa kabla ya kuwasha, saa baada ya kuzima, na kama kuna oili iliyoongezwa. Nilijiona karani mkuu wa wilaya.

Mama alikuwa na dini tofauti kabisa ya kutunza vitu. Kwa Baba, kitu hudumu kwa kutumiwa. Kwa Mama, kitu hudumu kwa kutoguswa. Alikuwa na vikombe sita vyeupe vyenye maua ya buluu na ukingo wa dhahabu, zawadi ya arusi kutoka kwa matroni wa hospitali. Vilikaa kwenye kabati la kioo, vimefunikwa na kitambaa alichokifuma mwenyewe, na tulijua kwamba mkono wa mtoto ukivigusa, mkono huo hautarudi salama. Vilikuwa vya wageni. Wageni gani, sikuwahi kujua. Pasta alipokuja hakuwa mgeni wa kutosha. Chifu alikuja mara moja akanywea kikombe cha bati.

Mdogo wake Mama, Mama Mdogo Sela, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila Jumamosi alifika na magauni yake ya marinda. Akimaliza kupiga pasi anaingia ndani, anasimama mbele ya lile kabati, anaomba chai kwa kikombe cha maua. Kila Jumamosi Mama anamjibu kwamba hivyo ni vya wageni, na yeye si mgeni. Kisha wanacheka, wanakunywa chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati, magoti yakigusana. Ilikuwa mchezo wao. Nilidhani ni mchezo tu.

Nitawaambia jambo moja la enzi zile ambalo halichekeshi. Mwaka mmoja petroli ilikuwa shida nchini, safari za bondeni zikasimama, na ile kidogo iliyopatikana Baba aliihifadhi kwa ajili ya safari itakayofuata. Jumamosi ya kwanza hakuwasha. Ya pili hakuwasha. Zikafika tano. Ilipofika siku ya kwenda bondeni shule zilikuwa zimefungwa, nikaomba niandamane naye. Tulifika tukakuta akina mama wamekaa chini wakitungoja na watoto mgongoni, wengine wametembea tangu alfajiri. Baba akavuta kamba. Akavuta tena. Alifungua kabureta, akaisafisha kwa mate na waya, akavuta mpaka kiganja kikachubuka. Jua lilipokuwa utosini, muuguzi alifungua friji, akaweka mkono ndani, akatikisa kichwa. Zile chanjo walizimwaga kwenye shimo. Muuguzi aliwahesabu akina mama akawaambia warudi nyumbani, atawaletea nyingine.

Baba hakumlaumu mtu wala hakuitaja petroli. Tulipofika nyumbani aliniita, akaniambia nilete daftari, akaniamuru niandike: Jumamosi tano. Sikuwasha. Akina mama thelathini na wanne walirudi nyumbani. Nilimuuliza kwa nini tuandike kitu cha aibu kwenye daftari zuri. Akasema, "Kosa usiloliandika utalirudia." Nilikuwa na miaka kumi. Nilidhani nimeelewa.

Leo mimi ni mtu mzima, naishi Hyattsville, Maryland, kwenye ghorofa ya kupanga. Ninatunza wazee wasiojiweza majumbani mwao. Ninawaogesha, ninawalisha, na wale wasioweza kujigeuza kitandani ninawageuza kila baada ya saa mbili ili mgongo usitoe vidonda. Binti yangu Tabitha ana miaka kumi na tisa. Anasikia Kiswahili chote, hata cha kusengenya, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza. Mama alikuja kuishi nasi baada ya Baba kufariki, na vile vikombe sita alivileta kwenye mkoba wa mkononi, amevipakata kwenye ndege. Mapafu yake yamechoka sasa. Anapumua kwa mashine ya oksijeni, ile kubwa ya kuchomekwa ukutani. Ile ndogo ya begani haimtoshi.

Marehemu mume wangu, Baba Tabitha, alikuwa dereva wa malori ya maghala huko Landover. Siku moja alirudi nyumbani na gari la nyumba, lile lenye kitanda, jiko na choo humohumo ndani, alilouziwa na wazee wawili waliochoka kusafiri. Lilikuwa limemzidi Tabitha umri. Majirani walicheka. Mimi nilizunguka ubavuni, nikafungua kimlango, nikaiona jenereta na kidirisha cha namba. Nililia palepale, mume wangu akadhani nimekasirika.

Nilimsimulia habari za Baba, naye akazipenda kuliko nilivyotarajia. Alinunua daftari. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tulikwenda Landover, kwenye uwanja wa Mzee Clarence, tulikoliegesha. Mzee Clarence ni Mmarekani mweusi, fundi mstaafu wa mabasi ya jiji, aliyejifunza Kiswahili darasani ujanani kwake kwa mapenzi tu. Kiswahili chake ni kisafi mno, hakina hata doa. Ukimpigia simu moto unaunguza nyumba, atakuuliza kwanza habari za asubuhi, za nyumbani, za kazi, na za binti yako. Mume wangu aliiwasha jenereta, akawasha kiyoyozi na kihita cha maji ili ibebe mzigo, na akaandika mwenyewe namba kwenye daftari. Safari tulizofanya ni nne tu. Halafu moyo wake ukasimama, asubuhi moja ya Mei, akiwa kazini. Namba ya mwisho aliyoiandika ni mia nne na kumi na mbili.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kosa langu. Gari lile sikuliacha. Watu wangesema nililitelekeza, la hasha. Kila Jumapili baada ya ibada nilikwenda Landover, hata zile Jumapili za mechi ambapo barabara ya kwenda uwanja wa mpira haipitiki. Nililivua turubai, nikawasha injini ya gari, nikafuta vumbi kwenye dashibodi, nikaiweka kofia ya mume wangu sawa pale alipoiacha, nikakaa nusu saa. Nililitunza. Lakini jenereta sikuiwasha hata siku moja, kwa sababu ningeiwasha, ile mia nne na kumi na mbili ingegeuka. Ilikuwa saa yake ya mwisho. Nilitaka ibaki.

Majira ya baridi ya kwanza Mzee Clarence aliniuliza kwa upole kama anaweza kuiwasha kwa niaba yangu. Nilimkatalia. Nilimwambia kile kitu kisiguswe. Akainama kidogo kwa heshima, akasema sawa, dada yangu, akaongeza kwamba mashine haipendi kulala. Mimi, binti wa Mzee Wanyonyi, ninayegeuza watu vitandani kila saa mbili, nilimwona mzee anajitia kujua. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nilikuwa nimeigeuza jenereta ya mume wangu kuwa kikombe cha wageni.

Basi mwaka jana, kiangazi, simu ikaja kutoka Minnesota. Mama Mdogo Sela, aliyehamia kule kwa binti yake Ruth miaka mingi iliyopita, alikuwa na saratani, na madaktari walikuwa wameacha kutaja miezi wakaanza kutaja wiki. Yeye na Mama walikuwa hawajaonana miaka sita. Daktari wa Mama alikataa habari ya ndege katakata. Mama akanitazama akasema, gari la nyumba lina stima yake. Hakuuliza. Usiku huohuo alitoa vile vikombe sita kabatini, akavizungushia kanga kimoja kimoja, akavipanga kwenye sanduku. Tabitha akamwuliza vinakwenda wapi. Mama akasema Sela atanywa chai.

Tulipanga kuondoka Alhamisi. Jumanne nilikwenda Landover nikabonyeza kitufe cha jenereta. Stata ikazunguka vizuri, injini ikakohoa, ikashika kwa pumzi mbili, ikazima. Nikabonyeza tena, na tena. Mzee Clarence alitoka nyumbani kwake bila kuita salamu hata moja, na kwa mtu kama yeye hilo liliniambia yote. Alifungua bakuli la kabureta. Petroli ya miezi ishirini na sita ilikuwa imegeuka kuwa kitu cha kahawia, kizito, kinachonata kidoleni na kunuka rangi ya mlango. Zile tundu ndogo zinazopitisha mafuta zilikuwa zimezibwa kabisa.

Tulifanya kazi siku mbili, mzee na mimi. Tulizibua kwa dawa na waya mwembamba, tukamwaga tangi, tukabadilisha filta na plagi na oili. Ikawaka! Nikachomeka mashine ya oksijeni na kiyoyozi, ikabeba mzigo dakika nne, ikazimia. Mzee Clarence akapangusa mikono, akaniambia bila kunilaumu kwamba inataka kabureta mpya, na kwamba kwa jenereta ya umri ule kabureta itatoka mbali. Tulipiga simu kila mahali kutafuta gari la namna ile la kukodi. Ilikuwa kiangazi, kila mtu yuko likizo, hapakuwa na hata moja. Kabureta ilichukua siku tisa.

Siku tisa hizo ndizo ninazozibeba. Kila jioni Mama Mdogo Sela alipiga simu. Sauti ilikuwa imekonda. Alikuwa na swali moja tu. "Mmefika wapi, dada?" Na mama yangu, mzee wa kanisa, mama ambaye alinichapa nikiwa na miaka saba kwa kusema nimenawa mikono na sikunawa, akajibu, "Tuko njiani, Sela."

Jioni ya pili Sela alitaka kujua njia inapita wapi. Mama akageuka akamtazama Tabitha. Mtoto yule, huyu tunayesema kizazi chake hakina adabu wala subira, alifungua ramani kwenye simu yake akaanza kumnong'oneza bibi yake majina ya miji. Siku hiyo tukawa kwenye milima ya Pennsylvania. Kesho yake Ohio. Safari ya siku mbili tuliivuta kama mpira. Mama alieleza mashamba ya mahindi ambayo hakuyaona, akasema yanafanana na ya kwetu Kitale. Sela alicheka, akauliza ni gari gani hilo linalotembea kama ng'ombe wa mahari. Mama naye akacheka. Nilikuwa jikoni ninaosha sufuria iliyokuwa tayari safi.

Jioni ya nane simu ilipigwa mapema. Tulikuwa Wisconsin, karibu kuingia. Aliyeongea alikuwa Ruth, si Sela. Mama alisikiliza, akashukuru, akaniambia nimsogezee mashine yake karibu. Hakulia mbele yangu. Kabureta ilifika asubuhi iliyofuata, kwenye kasha dogo unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja.

Nilidhani atasema tusiende. Akasema tunakwenda kuzika. Tuliifunga kabureta, tukaondoka, Tabitha na mimi tukipokezana usukani. Nitasema kweli, jenereta ile ilifanya kazi siku mbili mfululizo bila kukohoa hata mara moja. Ilibeba oksijeni, ilibeba kiyoyozi, ilibeba friji. Kila saa niliyoisikia ikinguruma vizuri vile ilikuwa inanichoma, maana ndivyo ingenguruma tangu mwanzo kama ningeipa Jumamosi moja tu kwa mwezi. Tulipita Pennsylvania, tukapita Ohio. Mama alikaa dirishani akaiangalia ile milima na yale mashamba, akasema polepole kwamba kumbe hakumdanganya sana.

Baada ya mazishi watu walijaa nyumbani kwa Ruth, kama inavyokuwa kwetu, wa kuimba wanaimba na wa kupika wanapika, chai ikigawiwa kwenye vikombe vya karatasi. Mama alichoka akaomba arudi garini. Tuliingia sisi watatu na Ruth. Nikawasha jenereta, nikachomeka mashine yake, nikaweka maji kwenye birika. Mama akaniambia nitoe lile sanduku. Nilivifungua vile vikombe kutoka kwenye kanga, nikavipanga mezani, vyote sita, ukingo wa dhahabu haujafutika hata kidogo. Katika maisha yangu yote sikuwahi kuviona vikiwa na kitu ndani. Nikashika birika. Nikamwambia, kwa sauti ya yule mtoto wa darasa la tatu, kwamba hivi ni vya wageni.

"Mimina," akasema Mama. "Nilimnyima mdogo wangu kikombe maisha yetu yote nikingoja wageni."

Nikamimina. Ruth alishika chake kwa mikono miwili. Alituambia kwamba mama yake aliwahi kumsimulia habari za vikombe vyenye maua ya buluu, na kwamba alikuwa anasema siku moja atavinywea. Tukanywa mpaka chai ikaisha. Nje zilisikika zile nyimbo za waombolezaji, na ndani jenereta.

Hapo ndipo nilipomwomba Mama msamaha. Nilimweleza habari ya mia nne na kumi na mbili, ambayo sikuwa nimemwambia mtu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Alisema angekuwa na haki ya kunikasirikia kama yeye mwenyewe asingekuwa na kabati.

Tumerudi. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, saa mbili asubuhi, tuko Landover. Ninawasha kiyoyozi na birika, na nimenunua pasi. Nilitangaza kanisani kwamba mwenye nguo za kupiga pasi na aje, watu wakanitazama kwa huruma. Mtu gani siku hizi ana haja ya stima ya jirani? Kila nyumba ina pasi yake, kila mtu ana mlango wake, na mlango umefungwa. Vijana wa leo simu ikizeeka mwaka mmoja wanaizika bila hata sala. Nguo zao haziguswi na pasi, zinatoka kwenye mashine zimekunjamana na huo ndio mtindo. Kule Kitale nilijua kola ya kila mwanamume wa mtaa ilivyochakaa. Hapa nimepanda ngazi moja na watu kwa miaka kumi na sijui majina yao. Nikitoka Landover ninapitia Langley Park kununua sukuma wiki, ninasubiri kwenye foleni ya ule ujenzi wa reli usiokwisha, natazama magari yote yale mapya yenye mtu mmoja mmoja ndani, na ninaikosa ile meza yetu uani mpaka kifua kinauma.

Anayekuja na nguo ni Mzee Clarence peke yake. Analeta mashati mawili, nami najua kabisa nyumbani kwake ana pasi nzuri kuliko yangu. Anasalimia salamu zote mpaka mwisho, anampa Mama shikamoo ingawa wamekaribiana umri, na Mama anaipokea kwa furaha. Tunakunywa chai kwa vikombe vya maua. Vimebaki vitano. Tabitha alikivunja kimoja mwezi wa pili, akaganda pale sakafuni akingoja kuuawa, na Mama akamwambia afagie na achukue kingine.

Jumamosi ile ya kwanza tuliporudi nilifungua daftari la mume wangu. Namba ilikuwa imevuka mia nne na kumi na mbili, ikaenda mbali sana, na niliiangalia nikaona ninapumua. Nilitaka kuandika tarehe na saa tu kama kawaida. Kalamu ikakataa. Nikarudi mstari mmoja juu, chini ya mwandiko wake, nikaandika: Miezi ishirini na sita. Sikuwasha.

Mama akaniomba nimsomee. Nikamsomea. Alikishusha kikombe gotini, oksijeni ikipita. Kisha akasema haijaisha, niongeze. Akanitajia maneno yenyewe, na nikayaandika kama alivyoyasema: Sela alingoja.